Filta ikikaa nyeupe miezi mitatu, usishangilie

Kwa miezi mitatu nilijivunia filta nyeupe.

Kila asubuhi nikifungua duka la maji pale mtaani, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutazama lile bakuli la plastiki linaloonyesha ndani, lililofungwa ukutani kando ya pampu. Ndani yake katriji ilisimama nyeupe pe, kama siku tuliyoiweka. Nikawa nampigia mdosi simu: “Filta bado mpya, tunaokoa pesa.” Mdosi anafurahi. Wateja nao waliiona pale ukutani, na baadhi yao waliniambia ndiyo maana wananunua kwetu. Hapa ni pasafi, hata filta inaonekana.

Kumbe ile rangi nyeupe ndiyo iliyokuwa habari mbaya. Maji hayakuwa yakipita ndani ya filta. Yalikuwa yakipita kando yake.

Kama umewahi kununua maji ya kujaza kwa mtungi, au unapiga hesabu ya kufungua duka kama hilo ndiyo hasla yako ya kwanza, hebu soma hadi mwisho. Watu wengi wakizungumza kuhusu kusafisha maji hutaja filta, maikroni, RO na taa ya UV. Karibu hakuna anayetaja kile kidude kinachoishika filta yenyewe, ambacho mafundi hukiita hauzingi. Mimi nitakiita kasha. Ni kitu kinachoonekana cha kawaida sana, mkebe tu wenye kifuniko. Lakini kasha ndilo linaloamua kama maji yatapita kwenye filta au la.

Mtambo wetu ulivyokuwa

Duka letu lilikuwa kama mengi yaliyo Nairobi. Maji ya kaunti yakija tunajaza tangi. Siku za mgao, tunaita boza lilete maji ya kisima. Kutoka kwa tangi, pampu inasukuma maji hadi kasha la kwanza, lenye katriji ya kunasa mchanga na matope, ya maikroni 5. Kisha kasha la pili, lenye katriji ya mkaa maalum wa kiwandani unaonyonya klorini na harufu. Kisha membreni ya RO, halafu tangi dogo la maji safi, taa ya UV, na mfereji wa kujazia mitungi. Lita 20 tuliuza shilingi 100.

Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwa chako una unene wa maikroni 70 hivi. Kwa hivyo katriji ya maikroni 5 hunasa vitu ambavyo macho yako hayawezi kuviona. Hapo ndipo watu wengi hukomea. Wananunua “maikroni 5”, wanaitia ndani ya kasha, wanakaza kifuniko, basi.

Mwezi wa pili maji yakaanza kutoka polepole. Mtungi mmoja uliokuwa ukijaa upesi sasa ulimweka mteja akisubiri hadi anaanza kutazama simu. Nilidhani ni pampu. Fundi wa pampu akaja, akasema pampu iko sawa. Tukafungua kasha la pili, la mkaa, tukakuta katriji imejaa matope ya kahawia, imeziba kabisa. Mdosi akasema tuiondoe kwa muda, wateja wasituhame, tutanunua nyingine mwisho wa mwezi. Nikaitoa, nikaitupa nyuma ya tangi. Maji yakarudi na nguvu. Tukasahau.

Mwezi wa tatu, kale kadude ka kupimia TDS, yaani kiasi cha chumvi na madini ndani ya maji, kalikokuwa kakisoma chini ya 30, kakaanza kupanda. 60. 110. Siku moja kakapita 200. Maji yakaanza kuwa na ladha. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu, aliyekuwa akinunua kwetu maji ya kumkorogea mtoto wake wa miezi saba uji na maziwa, akaniuliza, “Wewe kijana wa maji, mbona leo yana chumvi?” Nikamwambia ni maji ya boza, yatakuwa sawa.

Fundi aliyepima kwa utepe

Mdosi akatafuta fundi mwingine, mzee aliyewahi kufanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha sharubati Eneo la Viwandani. Aliingia, akasalimia, akatazama bakuli letu la ukutani. Akauliza, “Hii katriji mmeiweka lini?”

Nikamjibu kwa fahari, “Miezi mitatu, mzee. Na bado nyeupe.”

Hakusema kitu. Akaenda nyuma ya tangi, akarudi na ile katriji ya mkaa niliyoitupa, kahawia, nzito kwa matope yaliyokauka. Akafunga maji, akabonyeza kitufe chekundu juu ya kifuniko ili presha itoke, akafungua bakuli kwa spana yake, akatoa ile nyeupe. Akaziweka zote mbili juu ya meza.

“Hii ndiyo ya kwanza kupitiwa na maji, sindiyo?”

“Ndiyo.”

“Na hii ni ya pili.”

“Ndiyo.”

“Sasa niambie, kijana wangu, ya kwanza imekuwaje safi na ya pili imejaa matope?”

Nilinyamaza. Akatoa utepe wa kupimia mfukoni, akapima katriji nyeupe. Milimita 248. Akapima nafasi ndani ya kasha. Ilitaka katriji ya milimita 254.

Hilo ndilo jambo ambalo hakuna aliyenieleza nilipoinunua mjini. Katriji zinazouzwa kwa jina la “inchi 10” huja kwa urefu zaidi ya mmoja. Kuna zenye inchi 10 kamili na kuna zenye inchi 9 na robo tatu. Ukizitazama kwa macho zinafanana. Tofauti ni milimita 6, unene wa penseli hivi. Makasha mengi ya plastiki yametengenezewa zile fupi, mengine hupokea zote mbili, na mengine yanataka inchi 10 kamili. Letu lilikuwa la aina hiyo ya mwisho, na mimi nililipa katriji fupi kwa sababu ilikuwa rahisi kidogo.

Ndani ya kasha kama letu, katriji hubanwa juu na chini. Kuna ukingo mwembamba wa plastiki kwenye kifuniko na mwingine kwenye sakafu ya bakuli, na kingo hizo huzama kidogo katika ncha laini za katriji. Huo mbano ndio muhuri. Maji machafu huzunguka nje ya katriji, hulazimika kupenya ukuta wake kuelekea ndani, halafu hupanda na kutoka yakiwa safi. Katriji ikiwa fupi, mbano haupo. Inaelea tu mle ndani. Maji yanapita juu yake, yanaingia katikati moja kwa moja, yanatoka.

“Ni kama geti lenye soja mkali,” mzee akasema, “halafu ua limetoboka hapo kando. Soja hajawahi kumkamata mtu hata mmoja, na wewe unamsifu kwamba mtaa una amani.”

Hesabu ya mwanya

Kuna mtu atasema mwanya mdogo hauna shida, maji mengi bado yanapita kwenye filta. Hebu tupige hesabu. Chukua mwanya wa nusu milimita tu, ambao ni vigumu kuuona. Nusu milimita ni maikroni 500. Filta yako ina matundu ya maikroni 5. Kwa hivyo umefungua mlango ulio mpana mara 100 kuliko tundu la filta yako. Na maji hayana adabu, hufuata njia iliyo rahisi. Kadiri katriji inavyoanza kuchafuka na kuwa nzito kupenya, ndivyo maji yanavyozidi kuhamia kwenye mwanya. Filta inabaki nyeupe, na matope yanaendelea na safari.

Kwetu, safari hiyo iliendelea hivi. Matope yakaziba mkaa. Tukauondoa mkaa. Klorini ya maji ya kaunti, ambayo mkaa ulikuwa ukiinyonya, ikafika moja kwa moja kwenye membreni ya RO. Membreni nyingi za RO zinazotumika siku hizi zina utando wa plastiki ambao klorini huuharibu kabisa, na ukishaharibika haurudi. Hiyo ndiyo sababu ya namba za TDS kupanda. Membreni ndiyo kifaa ghali kuliko vyote katika mtambo wetu, na ukiitunza yaweza kukaa miaka miwili, mitatu. Yetu haikumaliza mwaka. Tulijaribu kuokoa pesa ya soda tukapoteza pesa ya kodi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tuliikariri darasani kwa ajili ya insha, mimi nikaja kuielewa nikiwa nimesimama mbele ya bakuli la plastiki.

Lakini pesa ni za mdosi. Kilichoniuma ni yule mama wa ghorofa ya tatu. Taa ya UV ilikuwa ikiwaka wakati wote huo, nayo huua vijidudu. Ila ili miale yake ifanye kazi, maji lazima yawe maangavu. Chembe za uchafu humkinga kijidudu kama mwavuli, miale ikapita juu yake. Kwa maneno mengine, kila hatua katika mtambo huitegemea ile iliyotangulia, na hatua yetu ya kwanza ilikuwa picha tu ukutani.

Usidhani pia kwamba klorini ya kaunti humaliza kila kitu. Kuna kijidudu kinachoitwa Cryptosporidium ambacho kina ganda gumu lisiloogopa klorini. Mwaka wa 1993, katika jiji la Milwaukee nchini Marekani, kilipenya mtambo wa kusafisha maji ya jiji zima baada ya uchujaji kufanya kazi vibaya, na inakadiriwa watu 403,000 waliharisha. Ukubwa wake ni maikroni 4 hadi 6. Filta nzuri ya maikroni 1 hukinasa, lakini filta nzuri iliyokaa vibaya ndani ya kasha haikinasi.

Kiwandani hawatazami rangi

Yule mzee alikaa nasi siku nzima. Alipokuwa akibadilisha vitu alinieleza jinsi kazi hii inavyofanywa viwandani, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kasha la filta ni taaluma ya watu.

Kule viwandani, kasha huwa tangi la chuma kisichoshika kutu, na ndani yake husimama katriji 5, 7, 12 au hata nyingi zaidi, kama mishumaa. Viwanda vya bia, soda, maziwa, rangi na dawa vyote vinayo. Kwa kazi nyeti, katriji huwa na mipira ya duara, yaani oringi, inayoingia kwa kubana katika tundu lake, kwa sababu kazi kama hiyo haiwezi kutegemea mbano wa ncha laini kama wetu wa dukani. Viwanda vya dawa hutumia katriji za maikroni 0.2 kunasa bakteria, na kabla au baada ya kazi huijaribu katriji ikiwa ndani ya kasha lake. Huilowesha, husukuma hewa, halafu hupima ni kwa presha gani hewa inapenya. Oringi moja ikiwa imekunjika, jaribio linagoma, na dawa yote iliyopita hapo haitoki kiwandani hadi ijulikane kulikoni.

“Sisi hatukuwa tunatazama rangi,” mzee aliniambia. “Tulikuwa tunatazama geji.”

Kasha zuri lina geji mbili za presha, moja kabla ya filta na nyingine baada yake. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo hadithi yote. Katriji ikiwa mpya, tofauti ni ndogo. Inavyoendelea kunasa uchafu, tofauti hupanda taratibu, siku hadi siku. Ikifika kikomo alichoweka mtengenezaji, ambacho mara nyingi huwa kati ya bar 1 na bar 2.4, unabadilisha. Hiyo ndiyo filta yenye afya.

Tofauti isiposogea hata kidogo kwa wiki nyingi, huku maji unayoingiza ni yaleyale ya boza, shtuka. Maji yana njia ya panya. Na ikipanda vizuri halafu siku moja ianguke ghafla, jua katriji imepasuka au imehama mahali pake. Geji mbili hazigharimu pesa nyingi. Duka letu halikuwa na hata moja.

Kuna jambo jingine alilonionya, nalo ni la usalama. Usifungue kasha kabla ya kutoa presha. Chukua tangi la chuma lenye kifuniko cha upana wa sentimita 20, presha ikiwa bar 6. Zidisha eneo la kifuniko kwa presha, utapata maji yanakisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 2. Ni kama gari la familia limekaa juu ya kifuniko, na wewe unalegeza nati. Kwanza funga maji ya kuingia na ya kutoka, fungua kijimfereji cha juu hewa itoke, mwaga maji ya chini, hakikisha geji inasoma sufuri, ndipo uguse nati. Na ukirudisha, nati hukazwa kwa kuvuka upande hadi upande, vile fundi wa gari anavyokaza gurudumu, ili kifuniko kikae sawa.

Kabla hujanunua, kabla hujakaza

Kwa yeyote anayefungua duka la maji, au aliye na mtambo mdogo kwa hoteli, saluni, shule au ploti, haya ndiyo niliyojifunza kwa gharama.

Pima. Soma urefu unaotakiwa ulioandikwa kwenye karatasi ya kasha, halafu uipime katriji kwa milimita, usiamini neno “inchi 10” wala “inchi 20”. Zile za inchi 20 nazo huja zenye inchi 19 na nusu. Nenda dukani na utepe. Muuzaji atakucheka, mwache acheke.

Soma mishale. Kifuniko cha kasha kina alama ya kuingia na ya kutoka. Ukigeuza, maji yatasukuma katriji kutoka ndani kwenda nje, na uchafu utakusanyika pasipoonekana, katika nafasi ndogo ya katikati.

Tunza oringi. Ule mpira wa duara wa kifuniko ukiwa na ufa, umelazwa bapa, au umebeba chembe ya mchanga, maji yatavuja. Ufute kila unapofungua. Upake grisi ya silikoni inayoruhusiwa kwa maji ya kunywa. Usipake mafuta ya kujipaka kutoka kwa mkebe wa mtoto, kwa sababu aina fulani za mpira huvimba zikiguswa na mafuta ya petroli, na mafuta hayo ni ya petroli.

Kaza kwa mkono. Bakuli la plastiki likivuja, watu wengi hulikaza kwa spana hadi linalia. Hapo unaanzisha ufa utakaopasuka usiku pampu ikiwaka. Spana ni ya kufungulia. Ikiwa linavuja likiwa limekazwa kwa mkono, tatizo ni oringi.

Tumia utepe mweupe wa mabomba kwenye maungio, usitumie gundi ya mabomba karibu na kasha la plastiki. Kemikali za gundi hiyo hula plastiki ya kasha polepole.

Kinga jua. Bakuli linaloonyesha ndani ni zuri kwa kutazama, lakini likipigwa na jua huota ukijani. Liweke kivulini au nunua lile lisilopitisha mwanga.

Uliza “maikroni” ya aina gani. Kuna maikroni 5 ya makadirio na kuna maikroni 5 kamili. Ile ya makadirio hunasa sehemu kubwa tu ya chembe za ukubwa huo, na watengenezaji hawafuati kipimo kimoja katika kuikadiria. Ile kamili hunasa karibu zote, na bei yake ni ya juu. Kwa matope ya mwanzo, ya makadirio yatosha. Kwa hatua ya mwisho kabla ya mdomo wa mtu, uliza ile kamili.

Jua filta isichoweza. Ukiwa Nakuru au sehemu nyingine za Bonde la Ufa, na hata kwa baadhi ya visima vya Nairobi, maji yana floridi nyingi, ile inayoacha meno na madoa ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Katriji ya matope haiondoi floridi, kwa sababu imeyeyuka ndani ya maji kama sukari ndani ya chai. Membreni ya RO huiondoa. Na kale kadude ka TDS kasikudanganye pia. Kanapima chumvi, hakapimi vijidudu. Maji yaweza kusoma 20 na bado yakakulaza hospitalini. Vijidudu hupimwa maabara.

Na kabla ya yote hayo, tafuta kibali cha KEBS, leseni ya kaunti na cheti cha afya cha kila anayeshika mitungi. Kuna viwango vya Afrika Mashariki vya maji ya kunywa na vya maji yanayofungashwa, na ukaguzi ukija hawatauliza filta yako ni ya rangi gani. Watachukua sampuli.

Kazi ambayo haina foleni

Vijana wengi niliosoma nao wanatafuta kazi kwa laptopu, na si vibaya. Lakini yule mzee aliniambia kwamba simu yake hailali. Anaitwa na mahoteli, na shule za bweni, na zahanati. Hospitali zenye mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, kwa mfano, haziwezi kufanya kazi bila maji yaliyopita kwenye katriji, mkaa na RO, kwa sababu maji hayo hukutana na damu ya mgonjwa yakitenganishwa nayo na utando mwembamba tu. Hapo klorini ikipenya kwa sababu ya mkaa ulioisha, inayoharibika si membreni peke yake. Ni chembe za damu ya mtu.

Kazi hii haihitaji digrii kuianza. Vyuo vya ufundi vinafundisha mabomba na mitambo, na mengine utayapata ukimfuata fundi anayejua. Vifaa vya kuanzia ni spana ya makasha, utepe, geji mbili, grisi ya silikoni, oringi za akiba na daftari. Mzee alinisisitizia daftari zaidi ya vyote. Tarehe, presha ya kuingia, presha ya kutoka, TDS, sahihi. Kila siku. “Fundi asiyeandika,” alisema, “anabahatisha.”

Nilichomwambia mama wa ghorofa ya tatu

Siku ile mzee alipomaliza kutuonyesha, mdosi aliniambia nifunge duka siku mbili, nimwage maji yote ya tangi dogo, na nikiulizwa niseme pampu imeharibika. Nikafanya hivyo. Mama wa ghorofa ya tatu akaja na mtungi wake jioni, nikamwambia pampu imeharibika. Akasema pole, akaenda kununua kwingine.

Tulipofungua, kila kitu kilikuwa kipya. Katriji ya urefu sahihi, mkaa, membreni, geji mbili. Akarudi. Nikamjazia. Akarudi tena. Ilinichukua wiki mbili. Jumamosi moja duka likiwa halina mtu mwingine, nikamwambia. Nikamweleza kuhusu katriji fupi, kuhusu mkaa nilioutoa, kuhusu siku aliyoniuliza chumvi na nikamjibu bila kujua.

Aliniuliza kitu kimoja tu. “Ulijua lini?”

“Ile siku nilikwambia ni pampu.”

Hakunipigia kelele. Alibeba mtungi wake ukiwa mtupu, akaondoka. Mtoto alikuwa mgongoni, amelala. Nikajua tumempoteza, na nikampigia mdosi kumwambia nimesema ukweli, na kwamba akitaka kunifuta yuko sawa. Hakunifuta. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza geji zinasoma ngapi.

Siku ya nne mama akarudi. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja hadi ukutani, akainama, akatazama ndani ya bakuli. Katriji ilikuwa na wiki tatu hivi, na upande wake wa nje ulikuwa umeanza kugeuka rangi ya chai ya maziwa.

“Imechafuka,” akasema.

“Imechafuka, mama.”

Akaweka mtungi chini ya mfereji. “Haya, nijazie.”